Sindano, Jeli au Kapsuli: Dawa ya Mume ni Shauri la Watu Wawili



Ndugu zangu wasomaji, na hasa mama zetu na dada zetu ambao ndio wanaolifungua jarida hili kabla ya wenye nyumba: katika muda wa miezi miwili nimeulizwa maswali matatu, yote na wanawake, yote juu ya dawa moja wanayotumia waume zao. Wa kwanza, mkaazi wa mji wa Kericho, aliuliza kama sindano ya homoni anayodungwa mumewe inabatilisha saumu. Wa pili, wa upande wa Bomet, aliuliza kama jeli anayojipaka mumewe mabegani inazuia maji ya josho. Wa tatu hakuuliza jambo la fiqhi. Alisema mumewe ana siku za bashasha na siku za ghadhabu, zinapokezana kama maji kujaa na maji kupwa, na kwamba yeye amekwisha kuzitia alama katika kalenda ya ukutani. Alitaka kujua kama hayo ni tabia, ni jini, au ni dawa.

Ni dawa. Yaani testosteroni, ile homoni ambayo Mwenyezi Mungu ameiweka katika mwili wa mwanamume ili sauti yake inenepe, ndevu zake ziote, mifupa na misuli yake ikaze, na hamu ya unyumba isimwondoke. Inapopungua kwa maradhi, matabibu humrejeshea mtu kile kilichopungua, na njia za kumrejeshea ni nyingi. Nimeona niyajibu maswali haya hapa jaridani kuliko kumnong'oneza kila mmoja mlangoni pa madrasa, kwa kuwa nami ni mtumiaji wa dawa hiyo, huu ni mwaka wa nne, na katika njia zake nimepita tatu.

Najua wapo watakaosema kwamba haya si mambo ya kuandikwa katika karatasi inayosomwa na mama na binti yake. Nawaheshimu. Lakini Umm Sulaym, radhi za Allah ziwe juu yake, alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamuuliza juu ya josho la mwanamke aliyeota, wala Mtume hakumkaripia. Akajibiwa. Na Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Ikiwa wao waliuliza mbele ya aliye bora wa viumbe, sioni kwa nini sisi tusimuulize daktari wa Kericho.

Mimi ni mzaliwa wa pwani, na ni mwaka wa tisa sasa nafundisha huku kwenye nchi ya majani chai. Msomaji wa Mombasa asiyewahi kufika huku na aufikirie mji ulio juu zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, mvua karibu kila alasiri, mara nyingine mvua ya mawe inayochana majani chai na kuwatia wakulima huzuni, na asubuhi ambazo maji ya udhu yanauma vidole. Waislamu si wengi. Wako wafanyabiashara, wako wafanyakazi wa viwandani na wa mashambani, wako Wakipsigis waliosilimu, na wako kina sisi tulioletwa na kazi.

Nilipotimiza miaka 51 ndevu zangu zilianza kupungua. Mke wangu ndiye aliyeona mwanzo, kwa kuwa ndiye anipakaye hina. Akasema, "Mwalimu, hina ya mwaka jana ilikuwa bakuli, ya mwaka huu ni kijiko." Nikacheka. Lakini uchovu nao ulikuwapo, usingizi wa mchana ulikuwapo, na jambo jingine ambalo yeye alilijua na hakulisema. Kisha yakaja maumivu ya kichwa na macho kushindwa kuona pembeni. Huko Nairobi nikapigwa picha ya kichwa, ikaonekana tezi ya pituitari, ambayo ni ndogo kama punje ya njegere chini ya ubongo, imeota uvimbe usio wa saratani. Tezi hiyo ndiyo inayotuma amri kwa korodani. Uvimbe ulitibiwa, lakini amri hazikurudi.

Nimeyataja haya kwa makusudi. Maradhi yangu yalipimwa, yakajulikana, yakapewa jina. Wengi wanaotafuta dawa hii huku na huko hawana kipimo chochote. Wana uchovu tu. Na uchovu una baba wengi: kisukari, upungufu wa damu, tezi ya shingo, huzuni, kukoroma kunakomkata mtu pumzi usiku, madeni, na kwa vijana wetu wa pwani, muguka unaowakesha mpaka adhana ya alfajiri. Testosteroni haimtibu mtu muguka. Kipimo chake ni cha damu, inatolewa asubuhi kabla ya saa nne kwa kuwa homoni hii hupanda alfajiri na kushuka jioni, tena hupimwa mara mbili kwa siku mbali mbali. Chama cha madaktari wa njia ya mkojo cha Marekani kimeweka mpaka wa nanogramu 300 kwa desilita: aliye chini yake mara mbili, na ana dalili, ndiye mgonjwa. Mwenye umri kama wangu hupimwa na tezi dume kabla hajaanza.

Wala sina ugomvi na wauza mkombero wa Kericho, wanaopita na mizizi yao mkononi, wala na supu ya pweza ya kwetu. Vitafunwe na vinywewe kwa afya. Ila tezi iliyonyamaza haiamshwi na pweza.

Nianze na yule mama wa kalenda, kwa sababu jibu lake ndilo linaloeleza dawa yote. Mumewe anadungwa sindano fupi, ile ya mafuta iitwayo testosteroni enanthati. Iko na nduguye, sipionati, na tabia zao ni moja. Dawa imeyeyushwa katika mafuta ya mimea, inadungwa kwenye msuli, nayo hutoka kidogo kidogo kuingia damuni. Kipimo cha kawaida ni miligramu 200 au 250 kila baada ya wiki mbili au tatu. Basi siku mbili tatu za mwanzo homoni hupanda juu kuliko ilivyo kwa mtu mzima wa afya, kisha hushuka, na kabla ya sindano ya pili mtu yuko pale pale alipokuwa, au chini yake. Mwanamume huwa simba wiki hii na wiki ijayo hana hata nguvu za kujibu salamu. Mimi nilianza na sindano hiyo, na mke wangu alikuwa akijua tarehe ya kudungwa kwangu bila ya kuambiwa.

Dawa ya hayo ni nyepesi na haigharimu zaidi: kipimo kikagawanywa, nusu kila wiki badala ya kizima kila wiki mbili. Mawimbi hupungua. Nilimwambia yule mama amchukulie daktari ile kalenda yake, kwa sababu hakuna mashine ya maabara iliyoandika vizuri kuliko yeye. Mumewe hakupenda kwanza kusikia kwamba hasira zake zimehesabiwa. Walikwenda wote wawili, daktari akaitazama kalenda, akabadilisha zamu.

Sindano fupi ina sifa yake kubwa: ndiyo rahisi kuliko zote kwa bei, na ndiyo inayopatikana hata katika miji midogo. Mfanyakazi wa shamba la chai akiandikiwa dawa hii, aghalabu ni hiyo. Lakini ina jambo ambalo sisi wa milimani lazima tulitazame mara mbili. Testosteroni huuamrisha mwili utengeneze chembe nyekundu za damu, na sindano fupi hufanya hivyo kuliko njia nyingine. Na mwinuko wa nchi nao hufanya hivyo hivyo, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Mtu wa Kericho huanza safari akiwa na damu nzito kidogo kuliko mtu wa Mombasa. Daktari wangu alinieleza kwamba sehemu ya chembe katika damu ikipita asilimia 54, dawa husimamishwa au hupunguzwa, maana damu iliyokuwa nzito huweza kuganda. Kwa hiyo mwenye kudungwa na apimwe damu kabla ya kuanza, kisha baada ya miezi mitatu hadi sita, kisha kila mwaka. Anayedungwa dukani bila ya kupimwa anatembea gizani.

Baada ya mwaka mmoja nilihamia jeli. Ni maji mazito yasiyo na rangi, hupakwa kila asubuhi mabegani na juu ya mikono, hukauka kwa dakika chache, na dawa hupenya ngozi siku nzima. Hakuna mawimbi. Mtu huwa sawa Jumatatu na sawa Ijumaa. Akitaka kuacha, anaacha kesho, na siku chache baadaye dawa imemtoka. Tabia hiyo ni njema kwa anayeanza, kwani hajui bado mwili wake utaipokeaje.

Hapa namjibu mama wa Bomet. Jeli ikikwisha kukauka haiachi gamba la kuzuia maji, na bega si kiungo cha udhu. Shida ni upande mwingine: maji ndiyo yanayoiharibu dawa. Baada ya kupaka, sehemu ile isioshwe kwa saa kadhaa, mbili kwa aina fulani, tano au sita kwa nyingine, kama karatasi ya ndani ya boksi inavyoeleza. Basi mwenye josho na aoge kwanza, aswali alfajiri, ndipo apake. Siku ya Ijumaa afanye vivyo hivyo, josho la Ijumaa kabla ya jeli. Ama alkoholi iliyomo ndani ya jeli, wengi katika wanazuoni wa zama hizi wameiruhusu inapotumika juu ya mwili kwa tiba, nami naifuata kauli hiyo. Lakini alkoholi hiyo hushika moto. Mwenye kupika kwa kuni jikoni, na huku Kericho sote huota moto jikoni asubuhi, asisogee mekoni mpaka bega likauke.

Kuna swali ambalo mama yule hakuliuliza, nalo ni zito kuliko la josho. Siku daktari alipoiandika jeli, hakuniuliza habari za moyo wala ini kwanza. Aliniuliza, "Sheikh, nani analala nawe, na nani anakupanda begani?" Kwa maana jeli haijui ngozi ya nani. Inapenya ya mke kama inavyopenya ya mume, na ya mtoto vile vile. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru jeli hizi zibandikwe onyo kali kabisa, baada ya kupokea taarifa za watoto wadogo waliogusana na ngozi za wakubwa wao wanaozitumia: viungo vyao vya siri vikakua kabla ya wakati, wakaota nywele za utu uzima, mifupa yao ikakomaa mapema, na wengine wakawa wakali. Kwa mwanamke huja chunusi na nywele za usoni. Mwenye mimba na anayenyonyesha hawapasi kuigusa hata kidogo.

Kwa hiyo mwenye kupaka ana wajibu. Aoshe mikono kwa sabuni mara moja, kabla ya kupeana mkono na mtu yeyote. Avae shati au fulana juu yake jeli ikikauka. Kabla ya kumkaribia mkewe, aoshe sehemu ile. Na nguo aliyoivaa asimwachie mkewe aifue kwa mikono pamoja na za watoto, kwa kuwa dawa hubaki kitambaani. Kericho baridi inatusaidia, maana hakuna anayekaa bila sweta. Lakini nawafikiria ndugu zangu wa Mombasa na Malindi katika joto la Machi, mwanamume amekaa barazani kifua wazi na kikoi chake, mjukuu amemlalia begani. Huko mimi nisingeishauri jeli katika nyumba yenye watoto.

Nasi tuliishi nayo vizuri mwaka mzima, watu wazima wawili nyumbani. Kisha binti yetu akaja kukaa nasi na mwanawe wa miaka miwili, na mtoto huyo hana mahali pengine pa kulala mchana ila juu ya kifua changu. Tulikaa usiku mmoja mimi na mke wangu, tukaamua. Nikarudi kwa daktari nikaomba sindano ndefu.

Sindano ndefu ni testosteroni undekanoati, miligramu 1,000 kwa mpigo mmoja katika mafuta ya mbarika. Ya pili hupigwa baada ya wiki sita, kisha kila baada ya wiki kumi hadi kumi na nne. Mara nne au tano kwa mwaka, basi. Haina mawimbi makubwa, wala haiwagusi wa nyumbani. Ubaya wake: bei ya mara moja inashtua, huku Kericho aghalabu huagizwa, na mafuta yake ni mazito hasa. Asubuhi ya baridi muuguzi huikumbatia chupa kwa viganja mpaka ipate joto la mwili, kisha huisukuma pole pole kwa muda wa dakika mbili hivi. Baada ya hapo mgonjwa hukaa hospitalini nusu saa, kwa kuwa mara chache tone la mafuta huweza kwenda mapafuni likaleta kikohozi cha ghafla. Na ikikwisha kuingia haitoki. Kama itakudhuru, utakaa nayo majuma. Ndiyo sababu haifai kwa anayeanza.

Yako na mengine nitayataja kwa ufupi. Viraka vya kubandika ngozini kila usiku huwasha, tena hubanduka kwa jasho. Nacho kiraka huzuia maji, si bendeji ya jeraha isiyoweza kutolewa, basi mwenye josho akibandue. Vipande vidogo vinavyofukiwa chini ya ngozi kwa miezi kadhaa huhitaji kisu. Vile vidonge vya zamani vya methili-testosteroni vilisifika kwa kuharibu ini, na atakayeviona dukani aviache palipo. Kapsuli za undekanoati ni jambo jingine, zenyewe hazipiti njia ya ini kwanza. Humezwa asubuhi na jioni, lakini pamoja na chakula chenye mafuta, kwani bila mafuta hupita bure. Mwenye kumeza kwa chai ya rangi na kipande cha mkate asilalamike kwamba dawa haifanyi kazi. Kapsuli laini hutengenezwa kwa jelatini, na jelatini huweza kuwa ya ng'ombe au ya nguruwe, basi mfamasia aulizwe. Ama homoni yenyewe hutengenezwa viwandani kutokana na viini vya mimea kama soya.

Na yule mama wa kwanza, wa saumu, jibu lake ni jepesi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha kumi kilichofanyika Jeddah mwaka 1997, lilipitisha kwamba sindano za tiba za ngozini, msulini au mshipani, zisizokuwa za lishe, hazibatilishi saumu, wala vinavyopenya kwa ngozi kama mafuta, marhamu na viraka vya dawa. Mumewe afunge bila ya wasiwasi. Kapsuli, bila shaka, hufunguza. Ila kwa kuwa ni mbili kwa siku, na zataka chakula, futari na daku zinatosha kabisa.

Sasa nifike nilipokuwa nikielekea. Mwaka jana alinijia kijana wa miaka 31, mfanyakazi wa kiwanda cha chai upande wa Bomet, zamu ya usiku. Alikuja kuombewa dua. Ameoa miaka mitatu, hawajapata mtoto. Mama yake mzazi ameanza kusema maneno, na mkewe, binti wa watu, amenyweshwa kila mzizi uliomo katika vilima vile. Alikwisha kupimwa hospitalini mara mbili akaonekana mzima. Mume hakupimwa hata mara moja. Nikamuuliza anatumia dawa gani. Akasema, kwa fahari kidogo, kwamba yeye hakukaa bure: kuna duka moja la dawa ambalo humdunga sindano ya kuongeza nguvu za kiume ili mbegu zipate nguvu. Amedungwa miezi mitano. Akanionyesha boksi. Ilikuwa enanthati, ile ile niliyoanza nayo mimi.

Ndugu zangu, naomba aya hii isomwe polepole. Testosteroni inayotoka nje haiongezi mbegu za uzazi. Inazizima. Ubongo huonja damu kujua kama homoni inatosha. Ukikuta imejaa, husema hakuna haja, na ile tezi ya pituitari huacha kutuma amri. Ni kama kiwanda cha chai kinacholetewa majani kwa malori kutoka wilaya nyingine: msimamizi huwaambia wachumaji wake wabaki majumbani. Korodani hulala, hata husinyaa, na mbegu hupungua mpaka huweza kukosekana kabisa. Hili hata halina shaka kwa matabibu, kwa kuwa walikwisha kulijaribu kama njia ya uzazi wa mpango. Shirika la Afya Duniani liliwadunga wanaume 271 katika nchi saba enanthati miligramu 200 kila wiki, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990: zaidi ya nusu yao walibaki bila mbegu hata moja. Mbegu hurudi mtu akiacha, aghalabu baada ya miezi sita hadi mwaka, na kwa wengine zaidi ya hapo. Njia zote hapa ni sawa. Jeli, sindano fupi, ndefu, kapsuli, kwa jambo hili hakuna iliyo salama kwa mwenye kutaka mtoto.

Kwa miezi mitano, basi, binti yule alikuwa akinywa mizizi michungu na kusemwa na mkwewe, na mumewe, kwa nia njema kabisa, alikuwa akiufunga mlango wenyewe. Wala hakuwa anajua mkewe kwamba mumewe anadungwa. Aliona ni siri ya mwanamume.

Ndipo ninaposema hii si siri ya mwanamume. Wanazuoni walipozungumzia azli, yaani mume kumwaga nje, jamhuri yao walisema haifai ila kwa idhini ya mke, kwa sababu mke ana haki katika mtoto. Katika madhehebu yetu ya Shafii pana khitilafu, nalijua hilo, nao wapo waliolegeza. Lakini azli ni ya saa moja, na usiku wa pili mtu huweza kuibadilisha nia. Dawa hii huzima uzazi kwa miezi, pengine kwa mwaka. Ikiwa idhini yake ilizingatiwa katika lile dogo, sioni vipi asiulizwe katika hili kubwa. Hii ni rai yangu, na mwenye ilimu zaidi akinirekebisha nitamshukuru. Mwenyezi Mungu amewafanya mume na mke kila mmoja vazi la mwenziwe. Na vazi hulijua jeraha la mwili kabla ya mtu wa nje.

Wala simkatazi mwenye maradhi ya kweli kutibiwa. Mimi natibiwa. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2023, wa wanaume zaidi ya 5,000 wenye upungufu huu na wenye hatari ya moyo, ulionyesha kwamba jeli haikuzidisha mishtuko ya moyo wala viharusi kuliko dawa bandia, ingawa yalizidi mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na damu kuganda mapafuni. Inatumika kwa daktari na vipimo. Aliye Kericho na aanzie hospitali ya rufaa ya kaunti. Aliye Bomet ana Longisa na Tenwek. Wakihitaji bingwa wa homoni wataelekezwa Eldoret au Nairobi. Na mwanamume ambaye bado anataka watoto aseme hivyo kabla ya kitu chochote kuandikwa, kwa sababu ziko dawa nyingine, zikiwemo sindano za homoni zinazoziamsha korodani badala ya kuzilaza, na ni hizo apasazo kuzungumzia na daktari wake.

Dua nilimwombea. Kisha nikamwambia arudi nyumbani amwambie mkewe kila kitu usiku ule ule, na asubuhi waende hospitali pamoja. Alikaa kimya muda mrefu akilishika boksi. Mkewe, kama alivyonieleza mwenyewe baadaye mbele ya mke wangu, hakupiga kelele. Aliuliza tu ni miezi mingapi, akahesabu kwa vidole, kisha akaenda kuimwaga sufuria ya mizizi nyuma ya nyumba.

Kipimo cha kwanza cha manii hakikuonyesha mbegu yoyote. Sindano ziliachwa. Baada ya miezi minne zilionekana chache, baada ya minane zikaongezeka, ingawa daktari anasema bado hazijafika panapotakiwa. Mama mkwe ameambiwa na mwanawe mwenyewe kwamba kizuizi hakikuwa kwa binti wa watu. Mpaka ninapoandika haya hawajajaaliwa mtoto. Kipimo kingine ni mwezi ujao, na wameomba kwenda wote wawili siku ambayo yeye hana zamu ya usiku.